Sephiroth: Dhalimu au Mdhulumiwa?

Wacheza gemu wengi humtaja Sephiroth, adui wa Final Fantasy VII iliyotoka mwaka 1997, kuwa mwovu asiye na mfano. Je, anastahili sifa hiyo?

Tuanze na upande wake. Kabla hajazaliwa, Hojo, mwanasayansi wa kampuni ya Shinra, alimpandikiza chembe za kiumbe aitwaye Jenova. Hojo huyo ndiye babake mzazi, na alimficha. Sephiroth akalelewa kuwa silaha, akasifiwa kuwa shujaa. Siku aliposoma habari za majaribio hayo kule Nibelheim, akili zikamruka.

Watetezi wake hukomea hapo. Lakini waliomdhulumu ni Shinra. Aliowachoma moto ni wanakijiji. Baadaye akamuua Aerith akiwa katikati ya maombi. Isitoshe, hakuhakikisha alichosoma. Alidhani Jenova ni wa kizazi cha Cetra, akawalipizia kisasi wasiokuwa jamaa zake.

Kwa hivyo sifa anaistahili. Kudhulumiwa kunaeleza hasira, hakuhalalishi damu ya asiye na hatia. Mwanao akimhurumia Sephiroth, usimkanye. Muulize tu: watu wa Nibelheim walimkosea nini?