Hesabu Isiyokuwamo Kwenye Mpango

Mwaka 1934 Rosalie Edge, mwanamke wa New York aliyekuwa amepigania haki ya wanawake kupiga kura kabla ya kuhamishia nguvu zake kwenye ulinzi wa ndege, alikodi ekari 1,400 za mlima huko Pennsylvania, Marekani. Alikuwa na lengo moja: bunduki zinyamaze. Kila majani yanapoanza kupukutika kaskazini, mwewe, kozi na tai hufuata safu ya milima ya Kittatinny kwenda kusini, na wawindaji walizoea kukaa juu ya majabali wakiwatungua. Jimbo lenyewe lilikuwa limeahidi dola 5 kwa kila kipanga wa aina fulani atakayeuawa. Edge aliona picha zilizopigwa na Richard Pough mwaka 1932, mizoga ya ndege imepangwa safu kwa safu chini, na hakuweza kutulia tena.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Weka mlinzi, zuia njia. Mlinzi alikuwa Maurice Broun, na mkewe Irma ndiye aliyesimama barabarani kuwarudisha wenye bunduki. Mauaji yakakoma mlimani hapo. Kwa vipimo vya miradi tunayoijua sisi, kazi ilikuwa imekwisha: lengo limefikiwa, na kilichobaki ni kuandika taarifa ya mwisho na kumshukuru mfadhili.

Lakini Broun alikuwa mtaalamu wa ndege, na ulinzi ulimpa nafasi ya kutazama anga siku baada ya siku. Akaanza kuhesabu. Hawk Mountain, kama mlima huo unavyoitwa mpaka leo, umeendelea kuhesabu kila mwaka tangu hapo, isipokuwa 1943 hadi 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kuhesabu mwewe wanaohama ni kazi yenye utaratibu mkali kuliko inavyodhaniwa. Mwewe hapendi kupigapiga mabawa safarini. Hutafuta hewa ya moto inayopanda, akazunguka ndani yake mpaka afike juu sana, kisha hunyoosha safari akiteleza hadi akutane na mkondo mwingine. Mamia yao wanaweza kuzunguka pamoja, wakipishana juu na chini. Ukiwahesabu wakiwa bado wanazunguka utajidanganya, kwa sababu ndege yuleyule atapita mbele ya darubini mara tatu. Inabidi usubiri wafike kileleni na kuanza kutoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Hapo ndipo kidole gumba kinabonyeza kihesabio.

Saa ikiisha, huandikwa mambo mengine pia: upepo unatoka wapi, mawingu yametanda kiasi gani, macho yanafika umbali gani, watazamaji ni wangapi. Kwangu mimi safu hizo, ambazo mgeni angeziona kero, ndizo roho ya kazi yote. Mwewe 500 leo na 50 kesho ni tarakimu tupu mpaka ujue kwamba leo upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma baada ya baridi kuingia, na kesho kulikuwa na ukungu.

Faida ilikuja kuonekana miaka zaidi ya 20 baadaye. Tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya Marekani, akiwa mchanga huwa na rangi ya kahawia kichwani na mkiani, na huchukua kama miaka 5 kupata weupe wake. Kwa hiyo hata kwa mbali umri wake unatambulika, na Broun aliuandika. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 hivi ya tai hao waliopita walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20 tu, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai wakubwa walikuwa wangali wanapita, hivyo aliyetazama angani bila daftari angesema hali ni salama. Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, kuonyesha madhara ya DDT, dawa ya kuua wadudu. Marekani ikaipiga marufuku dawa hiyo kwa matumizi mengi mwaka 1972, na mwaka 2007 tai huyo akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Mwaka 1934 hakuna aliyejua kwamba DDT ingekuja kutumika kuua wadudu. Hakuna andiko la mradi ambalo lingeitaja, na hakuna kiashiria ambacho kingebuniwa kwa ajili yake. Hapa ndipo ninapoumia nikiisoma mipango yetu ya hifadhi. Tunaomba fedha za miaka mitatu, tunaahidi matokeo yanayopimika ndani ya miaka hiyo mitatu, na ufuatiliaji wenyewe ndio unaokatwa kwanza bajeti ikipungua.

Mipango mizuri pia hubadilika ikifika uwanjani. Karibu na Batumi, nchini Georgia, ndege hubanwa kati ya Bahari Nyeusi na milima, na tangu 2008 watu wa kujitolea huwahesabu kila mwaka kutoka vituo viwili, wakiwasiliana ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Kuna siku wanapita zaidi ya 100,000. Kutambua kila mmoja haiwezekani, kwa hiyo iliwabidi watangulize spishi chache na kuzihesabu vizuri. Na kwa kuwa vilima hivyohivyo vina wawindaji, watazamaji hulala na kula katika nyumba za wanakijiji, ili kaya zipate kipato kutokana na ndege aliye hai. Nauona uamuzi huo kuwa na uzito sawa na hesabu yenyewe.

Baadhi ya ndege wa njia hiyo huja hadi Afrika Mashariki, na huku kwetu pia daftari la zamani limetoa ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa barabarani nchini Kenya kati ya 1970 na 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Jambo hilo lisingejulikana kama miaka ile ya 70 kusingekuwa na mtu garini akiandika kilomita na ndege. Ila kati ya vipindi hivyo viwili kuna pengo la miaka 25, na ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kukuambia ni mwaka gani walianza kupungua, wala ni kitu gani kilikuwa kimebadilika mwaka huo.