Visasili Bila Nasaba ya Miungu: Masimulizi ya Asili katika Mkoa wa Mara na Kipimo cha Kigiriki

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi simulizi, kisasili aghalabu hufafanuliwa kuwa ni masimulizi yanayoeleza asili ya ulimwengu, miungu na binadamu, na ambayo jamii husika huyachukua kuwa ya kweli. Kisakale, kwa upande wake, huelezwa kuwa ni masimulizi ya mashujaa na matukio ya kihistoria. Fasili hizi zinapopelekwa uwandani huzaa tatizo. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi huko Bunda au Butiama hukuta habari za wawindaji, wanawake wenye mvua, mapango na milima. Hakuti miungu inayozaliwa wala inayopigania enzi. Basi huyatia yote katika kapu la visakale, na huhitimisha kwamba jamii hizo hazina visasili. Makala haya yanadai kwamba kasoro haiko katika masimulizi bali katika kipimo. Kipimo hicho kimechongwa kutokana na aina moja tu ya masimulizi ya Wagiriki wa kale, ilhali Wagiriki wenyewe walikuwa na aina nyingine, na hiyo nyingine ndiyo inayofaa kuwekwa kando ya masimulizi ya Mara.

2.0 Hesiod na mwanzo wa miungu

Utungo unaosimama nyuma ya fasili ya kisasili ni ule wa Hesiod, Theogonia, uliotungwa yapata mwaka 700 K.K. Kwa mujibu wa Hesiod, kwanza kulikuwako Chaos, yaani ombwe, kisha Gaia, ambaye ni Dunia. Gaia alimzaa Uranus, yaani Mbingu, akamfanya mume. Uranus aliwazuia watoto wake tumboni mwa mama yao hadi Cronus, mwana wa mwisho, alipomhasi kwa mundu. Cronus naye akawameza wanawe mmoja mmoja, isipokuwa Zeus, ambaye mama yake alimficha na kumpa Cronus jiwe alimeze badala yake. Zeus akaja kuishika enzi. Hii ni nasaba na ni siasa: swali linaloulizwa ni nani alimrithi nani, na kwa hila gani.

Jambo ambalo wanafunzi hulisahau ni kwamba utungo huo hauelezi binadamu wa kwanza alitoka wapi. Wanaume wanatokea tu, tayari wamekaa na miungu huko Mekone, wakigawana nyama ya ng'ombe. Prometheus anamdanganya Zeus katika mgawo huo. Zeus anauficha moto, Prometheus anauiba na kuutia ndani ya bua, na adhabu inayofuata ni mwanamke, aliyefinyangwa kwa udongo na Hephaestus. Katika utungo mwingine wa Hesiod, Kazi na Siku, mwanamke huyo anaitwa Pandora. Habari za Prometheus kuwafinyanga watu wote kwa udongo zimehifadhiwa zaidi katika maandishi ya baadaye sana. Kwa hiyo hata huyu anayetumiwa kuwa kielelezo cha kisasili kamili angeanguka katika mtihani wa fasili kwa upande wa asili ya binadamu. Hakuna aliyewahi kumnyima cheo kwa sababu hiyo.

3.0 Muumba asiye na wazazi

Katika mwambao wa ziwa kuzunguka Musoma, Wajita humwita Mungu Nyamuanga. Jina hili lina ndugu zake katika lugha za ukanda wa Ziwa Viktoria, kama vile Ruhanga, na shina lake hubeba maana ya kuumba au kutengeneza. Kwa Wakuria, neno la jua, irioba, limetumika pia kumtaja Mungu. Majina haya hayahitaji hadithi ya kuzaliwa. La kwanza linataja kazi ya mwenye jina, la pili linaelekeza jicho mahali anapoonekana kila asubuhi. Kumtafutia Nyamuanga baba aliyehasiwa ni kuuliza swali ambalo lugha yenyewe imekwisha kulifunga.

Swali lililobaki wazi katika jamii hizi ni jingine: watu walipataje kuwa watu wa mahali hapa, na nani ana haki ya kuwaongoza?

4.0 Nyakinywa na Isamongo

Waikizu, wakazi wa sehemu za Wilaya ya Bunda, wana masimulizi mawili makuu ya asili. La kwanza ni la Muriho, aliyewafukuza wakazi waliomtangulia na ambaye jina lake limebaki katika mlima Chamuriho. La pili ni la Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, katika Usukuma, akiwa na uwezo wa kuleta mvua. Alipofika alimkuta Isamongo, mwindaji, mwenye moto. Wanaafikiana kuishi pamoja, kisha linazuka suala la utawala. Mwanamume ana moto, mwanamke ana maji, na mwanamke ndiye anayeupata utemi. Orodha ya watemi wa Ikizu inaanza na Nyakinywa, na baada yake wanafuata wanawake kabla ya utemi kuhamia kwa wanaume.

Masimulizi haya yanapatikana kwa maandishi ya Kiswahili ya wazee wa Mara wenyewe, katika mkusanyiko uliohaririwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler na kutolewa mjini Leiden mwaka 2003. Faida ya mkusanyiko huo ni kwamba unamwonyesha msomaji wazee wakiwa waandishi, wenye hoja na upande, si watoa habari tu. Ni dhahiri kuwa simulizi la Nyakinywa ni mali ya ukoo wa utemi. Linaeleza kwa nini mgeni anatawala wenyeji, na kwa nini wenyeji hawakunyang'anywa kitu: walikuwa na moto, wakakosa mvua. Katika nchi ambayo mvua ikichelewa ulezi haustawi, hoja hiyo haikuhitaji jeshi.

Kwa Wanata, majirani wa upande wa mashariki, tunu zinazokutana ni nyama na nafaka. Mwanamume wa kwanza ni mwindaji, mwanamke wa kwanza ni mkulima, na kukutana kwao ndiko kunakozaa watu. Hapa tofauti na Hesiod ni kubwa. Kwake, moto ulioibwa ndio uliomleta mwanamke duniani kama adhabu, na mwanamke huyo anafananishwa na nyuki dume anayekula jasho la wengine. Katika Mara mwanamke hatoki katika kosa la mtu. Anafika na chakula au na mvua, na mwanamume ndiye mwenye njaa.

5.0 Athens: shindano la kutawala nchi

Mwenzi halisi wa Nyakinywa katika Ugiriki hayumo katika Theogonia, yumo Athens. Inasimuliwa kwamba Athena na Poseidon waligombea nchi hiyo. Poseidon alipiga mwamba akatoa maji ya chumvi, Athena akaotesha mzeituni, na Athena akashinda. Ushahidi ulikuwa ardhini: Herodotus anataja mzeituni na maji hayo ndani ya hekalu la Erechtheus, na kuongeza kwamba mti ulioteketezwa na Waajemi mwaka 480 K.K. ulichipua tena kesho yake. Ndivyo Chamuriho unavyofanya kazi Ikizu, na ndivyo zinavyofanya kazi sehemu za emisambwa, yaani pepo wa nchi na wahenga, kote Mara. Simulizi hukaa mahali, na mahali hulitunza.

Toleo moja la shindano hilo, ambalo Augustino alilipokea kutoka kwa Varro, Mrumi, linasema kwamba mfalme Cecrops aliwapigisha kura raia wote. Wanawake waliwazidi wanaume kwa mtu mmoja, na Athena akashinda kwa kura hiyo. Poseidon akaigharikisha nchi kwa hasira. Ili kumtuliza, wanawake waliadhibiwa mara tatu: wasipige kura tena, watoto wasiitwe kwa jina la mama, na wao wenyewe wasiitwe Waathene. Hapa ushindi wa mwanamke unasimuliwa ili kueleza kwa nini wanawake hawatawali. Ikizu pia utemi ulihamia kwa wanaume, lakini simulizi halikugeuzwa kuwa hati ya adhabu. Nyakinywa amebaki mwanzoni mwa orodha.

Tofauti nyingine inahusu ugeni. Waathene walidai kuwa wametokana na udongo wa nchi yao, na mfalme wao Erichthonius alizaliwa na ardhi. Mwaka 451 K.K., kwa pendekezo la Pericles, sheria ilimnyima uraia yeyote ambaye wazazi wake wote wawili hawakuwa Waathene. Haina maana kwamba kisasili kilizaa sheria, ila viliishi nyumba moja. Simulizi la Ikizu linakiri kinyume chake: aliyeleta mvua alitoka nje.

6.0 Butiama: jina badala ya nasaba

Hesiod anafunga Theogonia kwa orodha ya miungu wa kike waliozaa na wanaume wa kibinadamu. Kwa Wagiriki daraja la kati ya miungu na watu ni uzazi, na koo kubwa zilijivunia damu hiyo. Huko Butiama, kwa Wazanaki, daraja ni jina. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 katika nyumba ya Mtemi Burito Nyerere, wakati mvua ikinyesha, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Hakuna aliyesema kuwa ni mwana wa pepo huyo. Alipobatizwa mwaka 1943 alipewa jina la Julius, na la mvua halikuondolewa.