Hesabu ya tajiri, hesabu ya tiketi

Kijiwe cha bodaboda ninachopitia kila jioni kina benchi moja, mwembe mmoja na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ijumaa iliyopita nilimkuta kijana anayenipelekaga nyumbani ameinamia simu, kidole gumba kikifanya kazi. Nikasubiri. Alipomaliza akajieleza kabla sijamuuliza: "Mzee, nimeweka jero tu. Nikikosa nimekosa jero. Nikipata nawahama hapa."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema jero hiyo imekuwa ikiwekwa tangu mwaka juzi na bado hawajahamwa. Kijana akanigeukia mimi: "Wewe si unaandika magazetini? Sema ukweli basi. Inalipa au hailipi?"

Nilimwambia swali hilo halijibiki nikiwa nimepanda pikipiki, nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ni hili.

Nianze kwa kumtetea. Kijana huyu anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, inyeshe au liwake. Kinachobaki baada ya hesabu na petroli ndicho chakula, kodi ya chumba na ada ya mtoto. Mtu wa namna hii atazipata wapi milioni kumi kwa mkupuo? Benki itamuuliza dhamana. Mwajiri hana. Ndugu zake wanamtegemea yeye. Katika milango yote ya mjini, wa tiketi ndio pekee anaoingia bila kuulizwa barua ya mtendaji wala hati ya nyumba. Wanaomcheka kwamba hajui hesabu hawajawahi kuishi kwa hesabu.

Lakini kumwelewa mtu si sawa na kukubaliana na bei anayotozwa. Tuchukue mchezo mwepesi kuliko yote, wa kuchagua tarakimu tatu kuanzia 000 hadi 999. Namba ziko 1,000. Tuseme kila moja inauzwa jero, na wewe una fedha za kuzinunua zote. Utatoa shilingi 500,000 na ushindi utakuwa wako bila wasiwasi. Sasa uliza mshindi analipwa shilingi ngapi. Akilipwa 500,000, mchezo ni wa haki, ila mchezeshaji atakufa njaa. Yeye ana ofisi, ana watangazaji, ana kodi ya serikali na ana wenye hisa, kwa hiyo ni lazima alipe pungufu. Tuseme analipa 250,000. Basi jero yako ilikuwa na thamani ya shilingi 250 tangu dakika ilipotoka mfukoni, kabla droo haijachezeshwa, kabla hujajua umepata au umekosa. Bahati mbaya haijaingia hapo bado. Hiyo ni bei tu.

Waingereza walipoanzisha bahati nasibu yao ya taifa Novemba 1994, mgawanyo ulikuwa wazi. Katika kila pauni moja, takriban senti 50 zilirudi kwa washindi, 28 zikaenda kwenye miradi ya jamii, 12 zikawa kodi, na zilizobaki wakagawana wenye maduka na kampuni inayoendesha. Tunaweza kuuita mchango wa hiari kwa viwanja vya michezo na majumba ya makumbusho, na kwa kweli si jambo baya. Ila uitwe hivyo. Anayetoa pauni kwa ajili ya makumbusho asidhani anawekeza.

Na hapo ni kwenye thamani tu. Kwenye uwezekano, mambo ni makubwa hadi akili inakataa kuyashika. Mwanzoni Waingereza walichagua namba sita kati ya 49, na michanganyiko ilikuwa 13,983,816. Oktoba 2015 mipira ikaongezwa hadi 59, michanganyiko ikaruka hadi 45,057,474. Namba kama hiyo huipati kichwani mpaka uivalishe watu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Andika jina la kila mmoja wao kwenye kikaratasi, kuanzia vichanga wa Lodwar hadi wazee wa Lamu, changanya, kisha mtu aliyefumbwa macho achomoe kimoja. Mwenye tiketi moja ya London anasubiri jina lake litoke kwenye gunia linalokaribia kuwa kubwa kama hilo.

Marekani wamezidi. Mchezo wao wa Powerball una nafasi moja ya zawadi kuu kati ya 292,201,338, na droo tatu kwa wiki. Anayenunua tiketi moja kila droo atahitaji, kwa wastani, zaidi ya miaka milioni 1.8 ili aipate. Fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959 lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kiumbe yule angeanza kununua tiketi siku za uhai wake na asikose droo hata moja, leo bado angekuwa anatuambia kwamba safari hii anahisi kitu.

Vijana wa kijiweni watasema wao hawachezi mipira ya namba, wanacheza mpira wa miguu, na mpira wanaujua. Sawa. Mwaka 2017 mshindi mmoja wa Kenya alibashiri mechi 17 zote na kuondoka na zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Lakini mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja, yaani kushinda, kushindwa au sare, zinazaa mikeka 129,140,163 tofauti. Kuijua ligi kunakupunguzia idadi hiyo, sikatai. Anayeijua ligi zaidi yako, hata hivyo, ni yule aliyepanga mechi zipi ziingie kwenye mkeka, na hakuzipanga kwa kukuonea huruma. Ndiyo maana kila Jumatatu asubuhi kijiwe kizima kina habari moja: mkeka umechanika, umechanwa na timu moja tu. Sijawahi kusikia mkeka uliochanwa na timu tano. Walioukosa kwa mbali hawasimulii.

Kuna pia elimu ya namba za ndoto, namba za gari lililotaka kukugonga, tarehe ya kuzaliwa mtoto, na namba "iliyokomaa" kwa kuwa haijatoka muda mrefu. Mipira haina kinyongo wala shukrani. Namba iliyotoka wiki jana ina nafasi ileile wiki hii, na iliyolala mwaka mzima haijakomaa kitu. Kuchagua namba kuna maana moja tu, nayo ni kama utagawana na watu. Tarehe 14 Januari 1995, wakati bahati nasibu ya Uingereza haijafikisha hata miezi miwili, zawadi kuu ya takriban pauni milioni 16 ilipata washindi 133 kwa pamoja. Namba zilikuwa 7, 17, 23, 32, 38 na 42, ambazo kwenye karatasi ya kujazia zilikaa katikati katikati, mahali mkono unapopapenda. Kila mmoja alipata pauni 122,510. Fedha nyingi, naam. Ila fikiria uso wa mtu aliyelala milionea akaamka ana wenzake 132.

Je, hakuna aliyewahi kuushinda mchezo wenyewe? Wapo. Stefan Mandel, Mromania aliyehamia Australia, alitafuta droo ambazo zawadi imepanda hadi kupita gharama ya kununua michanganyiko yote. Mwaka 1992 kundi lake lilivamia bahati nasibu ya jimbo la Virginia, ambako michanganyiko ilikuwa 7,059,052 na tiketi ilikuwa dola moja. Muda uliwaishia wakiwa wamenunua kama milioni tano, na hata hivyo zawadi ya dola milioni 27 ikaangukia kwao. Mtu huyo alikuwa na wawekezaji, mashine za kuchapa tiketi na watu wa kuzisambaza madukani. Bahati ndiyo kitu pekee ambacho hakukitegemea sana.

Mpaka hapa msomaji anaona ninakoelekea: hailipi, tufunge daftari. Kwa fedha, ndiyo, hailipi. Lakini nilikuwa na mjomba.

Mjomba huyu alinunua Bahati Nasibu ya Taifa enzi za tiketi za karatasi, moja kila alipopokea mshahara, akaihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani ili isikunjike. Kuanzia siku hiyo hadi siku ya droo alikuwa anajenga. Alijenga nyumba mezani kwa mdomo, akatugawia vyumba sisi watoto, akabishana na shangazi kuhusu mahali pa kuweka tangi la maji. Shangazi alikuwa mkali wa fedha, ila kwenye tangi lile alibishana kwa dhati kabisa. Siku ya droo ikipita, nyumba inabomoka kimyakimya, na mwezi ujao tunaanza na msingi mwingine. Hakuwahi kupata. Nikipima alichotoa, kilikuwa bei ya soda kwa mwezi, na soda haijawahi kukaa mezani wiki nne. Nikiulizwa kama mjomba alipoteza fedha, najibu hapana. Alinunua kitu na alikitumia chote.

Sasa rudi kwa kijana wangu na simu yake. Anasema jero, lakini jero ile ya mjomba ilikuwa ya mwezi. Hii ni ya saa moja, na michezo mingine ni ya dakika. Simu haifungi ofisi saa kumi, na fedha zimo humohumo, hakuna hata safari ya dukani ambayo ingempa mtu nafasi ya kubadili mawazo. Katikati ya kulipa na kukosa hapana muda wa kujenga hata choo. Ndoto imekatwa, yamebaki malipo. Nilimwomba afungue taarifa ya miamala tuangalie pamoja. Akasita, akafungua. Siku nyingine jero mbili, siku nyingine nne. Tukakubaliana tuhesabu buku moja tu kwa siku, kwa upole. Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Kwa miaka kumi ni 3,650,000. Akatazama pikipiki aliyokuwa ameikalia, ambayo si yake, akanyamaza.

Kuna wasomaji ambao kwao mjadala huu ulifungwa zamani. Muislamu anayefuata dini yake anajua kwamba kamari imekatazwa pamoja na ulevi katika Surat al-Maida, na yeye hahitaji hesabu zangu. Wengine wanasema tuache watu wazima na fedha zao. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliiunda Bodi ya kuisimamia biashara hii Tanzania, watoto hawaruhusiwi, kodi inakusanywa. Mimi sipigi marufuku. Ninachodai ni usawa wa sauti. Mshindi akipatikana anapigiwa simu hewani, tunamsikia analia, mama yake analia, mtangazaji anakaribia kulia. Katika ule mchezo wa London, kwa tiketi moja yenye zawadi kuu ziko nyingine zaidi ya milioni 45. Kila mwenye tiketi hizo akipewa sekunde moja ya kusema "nimekosa", redio ingetangaza usiku na mchana kwa siku 521. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na siku hizo hazikuwa na matangazo ya saa mbili usiku.

Wala nisidanganye kwamba washindi wote huishia pabaya. Hadithi hiyo tunaipenda sana sisi tusioshinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu washindi wa Sweden ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha hata baada ya zaidi ya miaka kumi. Kushinda ni kuzuri. Tatizo letu ni kutoshinda.

Kinachonishangaza ni kwamba jibu la kijana huyu liko nyumbani kwake na lina jina lilelile. Mke wake anacheza mchezo. Wako kumi na wawili sokoni, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 120,000. Zamu zinapangwa kwa kuchomoa vikaratasi kwenye kikombe, watu wanashangilia na kununa kama kwenye droo yoyote. Tofauti ni kwamba vikaratasi vyote vina ushindi, suala ni wiki gani tu. Hapana kodi, hapana mtangazaji, na hatari yake kubwa ni mwanachama kuhama mtaa baada ya kupokea.

Waingereza nao walifikia karibu na hapo, kwa njia ya kiserikali zaidi. Mwaka 1956 walitangaza hati za akiba zinazoitwa Premium Bonds, droo ya kwanza ikachezeshwa Juni 1957. Mwenye hati haongezewi riba. Riba ya wote hukusanywa ikawa zawadi, na anayekosa anabaki na fedha yake yote, anaweza kuichukua akitaka. Mjomba wangu angeipenda. Angekosa kila mwezi, angejenga kila mwezi, na mwisho angekuwa na mtaji wa kununua angalau lile tangi. Benki zetu na SACCOS zetu zina watu wa kutosha wa kubuni kitu kama hicho kwa mtu wa buku moja kwa siku, na ninawaomba walifanyie kazi.

Kwa hiyo, kijana wangu: tiketi moja kwa mwezi, ya karatasi ikipatikana, ukae nayo nyumbani na mkeo mjenge. Zaidi ya hapo hailipi. Jumatatu hii kijiwe kilianzisha mchezo wake, watu tisa, na mimi nimeombwa nishike daftari. Kikombe kilipopitishwa, yeye alichomoa namba sita.