Skrini, Diski na Habu: Njia Nne za Kugawana

Wahariri wa video wengi wana lalamiko moja. Kompyuta mpakato ni mpya na skrini ya nje ni ya 4K, lakini kishale kinarukaruka na video inacheza kwa kukatika. Wengine skrini yao haina tatizo, ila diski ya nje inaburuta. Kabla hujatafuta pesa za kompyuta nyingine, kagua kifaa kidogo kilichokaa katikati: habu ya USB-C.

Mlango wa USB-C una njia nne za kasi. Habu nyingi huzigawa nusu kwa nusu: mbili hubeba picha, mbili hubeba data za diski kwa USB 3. Ikiwa picha inapita kwa DisplayPort 1.2, njia mbili hubeba takriban gigabiti 8.6 kwa sekunde. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, na kuionyesha upya mara 60 kwa sekunde hudai takriban gigabiti 12. Kwa kuwa nafasi haitoshi, kompyuta hushuka hadi mara 30 bila kukuarifu. Kwa mhariri hilo ni jambo zito, maana hajui tena kama mkatiko anaouona umo ndani ya kazi yake au umeletwa na skrini.

Habu nyingine huipa picha njia zote nne. Skrini inatulia, lakini diski inaachiwa USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 60 kwenye karatasi, na kazini hupungua zaidi. SSD yenye uwezo wa kusoma megabaiti 500 kwa sekunde itadhaniwa mbovu ilhali ni nzima.

Namna ya kuthibitisha ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fungua mipangilio ya skrini usome inaonyesha picha mara ngapi kwa sekunde. Kisha ondoa habu, uunganishe skrini moja kwa moja na kompyuta. Ikipanda kutoka 30 hadi 60, habu ndiyo iliyobana. Fanya vivyo hivyo kwa diski: nakili faili moja kubwa kupitia habu, urudie bila habu, ulinganishe muda.

Kama hakuna kilichobadilika, geukia kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu ni za USB 2.0 na hazipitishi picha kabisa, ingawa kichwa chake kinaingia vizuri. Kwa HDMI, toleo la 1.4 la mwaka 2009 huishia mara 30 kwa 4K. Mara 60 zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 2013. Anayetumia kompyuta ya mezani ahakikishe kebo imechomekwa kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama.

Suluhisho mara nyingi halina gharama: kama kompyuta ina milango miwili, ipe skrini wake na diski wake. Kama unao mmoja tu, tafuta habu ya DisplayPort 1.4, ambayo njia zake mbili hubeba karibu gigabiti 13, mradi kompyuta nayo inakubali toleo hilo. Muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: 4K mara ngapi kwa sekunde, na wakati huohuo diski inabaki na kasi gani?