Bi. Shilling na kidude kilichotibu injini ya Merlin

Marubani wa Uingereza waliopigana angani mwaka 1940 walikuwa na hofu moja isiyotokana na risasi. Mjerumani aliyeandamwa aliinamisha pua ya ndege yake ghafla na kuchupa chini. Mwingereza akimfuata vivyo hivyo, injini ilikatika kwa sekunde moja au zaidi. Muda huo ulimtosha adui kutoweka. Njia ya kulikwepa tatizo ilikuwa kuibinua ndege tumbo juu kwanza, nako huko ni kupoteza wakati.

Injini yenyewe ilikuwa Merlin ya Rolls-Royce, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, iliyoendesha Spitfire na Hurricane. Ilinguruma mara ya kwanza Oktoba 1933, miezi michache baada ya Henry Royce kufariki. Jina lake ni la ndege wa jamii ya kozi, wala si la yule mchawi wa hadithini.

Kasoro ilikuwa kwenye kabureta. Ndege ilipoinama kwa ghafla, mafuta yalirushwa juu ndani yake, mithili ya abiria wa kiti cha nyuma matatu inapovuka tuta kwa kasi. Kwanza injini ilikosa mafuta, kisha pampu ikamimina mengi mno hata ikasongwa. Injini za Daimler-Benz za Wajerumani hazikusumbuka, kwani petroli ilipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda.

Dawa ilitoka kwa mwanamke. Beatrice Shilling, mhandisi katika kituo cha utafiti cha Farnborough, alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki aliyepita maili 100 kwa saa katika uwanja wa Brooklands. Alibuni kipande kidogo cha shaba chenye tundu, lililopimwa lipitishe mafuta ambayo injini ilihitaji ikiwa katika nguvu zake zote, basi. Kilifungwa kwenye bomba la mafuta bila kuiondoa ndege kazini. Marubani walikibandika jina la mzaha ambalo hatutalifasiri katika gazeti la familia.

Hata hivyo, vipande hivyo vilianza kufungwa mapema 1941, wakati mapigano makali ya 1940 yalikuwa yamekwisha. Wala havikuwa tiba kamili. Kabureta bora zaidi zilikuja baadaye. Lakini Bi. Shilling alizunguka mwenyewe na kikosi chake katika viwanja vya kijeshi, akihakikisha vimefungwa. Aliendelea na kazi Farnborough hadi mwaka 1969.