Ng'ombe kwa maharage, na paa la ukumbi

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani angemcheka Jack. Mama yake mjane anamtuma sokoni kuuza ng'ombe wao wa mwisho, naye anarudi na maharage mkononi. Kila majira ya baridi, hasa Desemba na Januari, ngano hiyo ya kale huigizwa katika kumbi za vijiji vya Uingereza, kwa mtindo uitwao pantomaimu.

Waigizaji hawalipwi. Fundi bomba anaweza kuwa mama yake Jack, maana kwa desturi nafasi hiyo hushikwa na mwanamume aliyevaa gauni. Ng'ombe ni watu wawili ndani ya vazi moja. Wa nyuma haoni kitu, maskini. Jitu likinyemelea, watoto humpigia Jack kelele: "Liko nyuma yako!"

Lakini hesabu ni hesabu. Mara nyingi mwandishi wa mchezo hulipwa ada kwa kila onyesho, hata kijijini. Kinachobaki kutokana na tiketi, chai ya mapumziko na bahati nasibu ndicho hutengeneza paa la ukumbi na kulipa umeme. Mahali ambako duka na baa vimeshafungwa, ukumbi nao ukifungwa wanakijiji hawana pa kukutania. Ndiyo maana mazoezi huanza miezi kabla, jioni, watu wakitoka kazini.