Karakana ya Pamoja Yafaa Kujengwa Mpakani mwa Mitaa

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, walifanya kazi juani kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baadaye wakajengewa vibanda. Masanduku, majiko na toroli bado hutengenezwa hapo.

Nguvu ya Kamukunji ni mahali ilipo: karibu na masoko ya Gikomba na Muthurwa na makazi ya Shauri Moyo. Fundi na mteja hufika kwa miguu.

Karakana ikijengwa ndani ya mtaa mmoja, mafundi wa mtaa jirani hujiona wageni. Ikijengwa mpakani, inahitaji:

- lango upande wa kila mtaa;
- njia ya miguu yenye taa, inayopitika kwa kiti cha magurudumu;
- maji na vyoo;
- mashine za gharama kubwa, kama za kuchomelea, zitumike kwa zamu;
- kamati yenye wajumbe wa kila mtaa.

Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe katika maamuzi. Katika kikao cha maoni, mwananchi aulize mapema malango yatakuwa wapi. Ukuta ukishajengwa, kuuvunja ni gharama.